Kila Kamba ya Jahazi Ina Jina na Kazi Yake

Watu wengi wakaao mbali na pwani, waonapo jahazi likipita baharini na tanga lake limejaa upepo, hudhani kwamba kazi ya baharia ni nyepesi: upepo huvuma, tanga hujaa, na chombo huenda. Hawazioni kamba zilizo nyuma ya tanga hilo, wala hawajui kwamba kila moja ina jina lake na kazi yake, na kwamba nahodha hawezi kutoa amri yo yote ila kwa kuyataja majina hayo.

Jambo hili si dogo. Jahazi husafiri usiku na mchana. Dharuba ya upepo ikishuka usiku wa giza, nahodha hana nafasi ya kueleza kwa maneno mengi ni kamba gani ishikwe na ni ipi iachwe. Hutaja jina moja tu, na baharia hana budi kuipata kamba hiyo kwa mkono, bila kuiona. Akikaza kamba iliyopasa kulegezwa, au akilegeza iliyopasa kukazwa, chombo huweza kupinduka na watu wote waliomo wakaangamia. Kwa hiyo majina ya sehemu za jahazi si mapambo ya lugha. Ni sehemu ya usalama wa safari.

Makala haya yanaeleza sehemu kubwa za jahazi na zana zake, hasa jahazi la Lamu, ambalo tangu zamani limekuwa likichukua boriti, nazi, chokaa na abiria kati ya Lamu, Malindi, Mombasa na Unguja. Katika kisiwa cha Lamu kipo kijiji cha Matondoni, kinachojulikana sana kwa mafundi wake wa kuunda vyombo.

MWILI WA CHOMBO

Msingi wa jahazi ni mkuku, yaani gogo refu lililonyoka, ambalo hulazwa chini kabisa kabla ya sehemu nyingine kuundwa. Mkuku ni kama uti wa mgongo: ukiwa na ufa, chombo chote kina kasoro. Katika ncha zake husimamishwa miti miwili mizito, nayo ni fashini ya omo kwa mbele na fashini ya tezi kwa nyuma.

Mbavu za chombo huitwa mataruma. Fundi hatafuti mti ulionyoka kwa ajili ya taruma, bali hutafuta uliopinda kwa maumbile yake, kama vile mkomafi wa mikokoni. Sababu yake ni hii: nyuzi za mti uliopinda hufuata mpindo wenyewe, na kwa hiyo taruma lake halivunjiki upesi. Mti ulionyoka ukichongwa mpaka uwe na umbo la upinde, nyuzi zake huwa zimekatwa, na mahali hapo ndipo utakapovunjika siku ya mawimbi makubwa.

Mbao za ubavuni hugongomewa juu ya mataruma kwa misumari. Lakini msumari haugongwi hivi hivi. Kwanza fundi hutoboa tundu kwa keekee, yaani chombo cha kutobolea kizungushwacho kwa uta, ili ubao usipasuke. Kisha msumari huviringishiwa pamba yenye mafuta chini ya kichwa chake, maji yasipate njia ya kupita. Nafasi zote zilizo kati ya ubao na ubao hujazwa pamba iliyolowa mafuta, nayo hushindiliwa kwa patasi butu na nyundo. Kazi hiyo ndiyo kutia kalafati, na kalafati mbaya imezamisha vyombo vingi ambavyo mbao zake zilikuwa nzima.

Mwisho, sehemu ya chini ikaayo majini hupakwa deheni, nayo ni mchanganyiko wa shahamu na chokaa. Deheni huwazuia wadudu wa baharini watobao mbao. Sehemu za juu hupakwa sifa, yaani mafuta ya maini ya papa, ili mbao zisikaushwe na jua zikapasuka. Kazi hizi hazifanywi mara moja tu. Wakati wa bamvua chombo huletwa ufukoni, na maji yakishapwa hulala mchangani, ndipo mabaharia husugua chini yake na kukipaka deheni upya.

Hata hivyo hakuna chombo cha mbao kisichoingiza maji kabisa. Maji hayo hukusanyika katika ngama, mahali palipo chini kuliko pote, na mabaharia huyakumba kwa upo au kwa ndoo na kuyamwaga. Baharia mzoefu huitazama ngama kila baada ya muda, hata kama bahari ni shwari, maana maji yakizidi huko chini chombo huwa kizito na hakiutii usukani.

Kabla ya misumari kuenea, vyombo vya pwani hii vilishonwa kwa kamba. Kitabu kiitwacho Periplus, kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya kwanza, kinataja vyombo vilivyoshonwa katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Chombo cha namna hiyo kilichodumu kuliko vingine ni mtepe wa visiwa vya Lamu. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa la miyaa iliyosukwa kama mkeka. Mtepe ulikuwa na faida moja kubwa: ulipogusa mchanga au kupigwa na wimbi ulilegea kidogo bila kuvunjika. Lakini uliingiza maji mengi, na kukumba maji ilikuwa kazi isiyokwisha. Mtepe ulikwisha kutoweka baharini kabla ya kupita nusu ya karne ya ishirini.

OMO NA TEZI

Mbele ya chombo huitwa omo, na nyuma huitwa tezi. Mahali pa juu palipo nyuma, akaapo nahodha na mshika usukani, huitwa shetri. Mti unaochomoza mbele ya omo huitwa dasturi, na kazi yake itaonekana baadaye katika habari za tanga.

Mtu wa pwani hutambua aina ya chombo kingali mbali kwa kutazama tezi na omo. Bumu la Kuwait na la Ghuba ya Uajemi limechongoka mbele na nyuma. Sambuki ina tezi bapa. Jahazi la Lamu nalo lina tezi bapa, na fashini yake ya omo husimama wima zaidi kuliko ya bumu. Pia mabaharia wa Lamu huweka mikeka ya makuti juu ya ubavu wa chombo, ili kuzuia maji ya mawimbi yasirukie shehena na abiria.

MLINGOTI, FOROMALI NA TANGA

Mlingoti wa jahazi hausimami wima kabisa kama nguzo ya bendera, bali huinamia mbele kidogo. Mtu asiyejua huweza kudhani kwamba umekaa vibaya. Lakini umefanywa hivyo makusudi, ili foromali ining'inie mbele ya mlingoti na kuzunguka bila kukwama. Vyombo vikubwa huwa na mlingoti wa pili ulio mdogo, karibu na tezi, nao huitwa galme.

Foromali ni ule mti mrefu unaobeba tanga. Katika chombo kikubwa mti mmoja hautoshi. Hufungwa pamoja miti miwili au zaidi kwa kamba mpaka urefu utakiwao upatikane. Foromali hukaa mshazari: ncha moja iko chini upande wa omo, na nyingine iko juu sana upande wa tezi.

Tanga hufungwa katika foromali kwa upande wake wa juu. Zamani matanga mengi yalishonwa kwa nguo ya marekani au marudufu. Watu wengi husema kwamba tanga la jahazi lina pembe tatu, lakini ukilitazama kwa karibu utaona zina idadi ya nne, ila upande wa mbele ni mfupi sana, na kwa mbali hauonekani.

Tanga la namna hii lina nguvu nyingi kwa upepo wa ubavuni, lakini lina upungufu mmoja. Si rahisi kulipunguza likiwa limetwekwa. Kwa hiyo vyombo vikubwa huchukua matanga zaidi ya moja, kubwa kwa upepo mwanana na dogo kwa upepo mkali. Upepo ukizidi, nahodha huamrisha foromali ishushwe, tanga kubwa lifunguliwe, na dogo lifungwe mahali pake. Nahodha mwenye busara hufanya hivyo mapema. Anayengoja mpaka dharuba imfikie huwa amekwisha kuchelewa.

KUTWEKA TANGA

Foromali na tanga lake ni mzigo mzito sana, na mabaharia wachache hawawezi kuuinua kwa mikono mitupu. Hapo ndipo zitumikapo zana nne zifanyazo kazi kwa pamoja.

Ya kwanza ni henza, kamba nene iliyofungwa katika foromali, ikapita juu ya kichwa cha mlingoti, ikashuka nyuma yake. Ya pili ni gofia, nayo ni kapi kubwa lililofungwa katika mwisho wa henza. Ya tatu ni abedari, kapi jingine lililokazwa chini chomboni. Ya nne ni jarari, kamba nyembamba kuliko henza, ambayo hupita mara kadhaa kati ya gofia na abedari, na ndiyo mabaharia huivuta.

Faida ya mpango huu ni kugawanya uzito. Tuseme foromali na tanga vina uzito wa ratili 800, na jarari imepita mara 4 kati ya makapi hayo mawili. Ukiacha msuguano wa makapi, mabaharia watavuta uzito wa ratili 200 tu. Lakini wepesi huo una malipo yake: ili foromali ipande futi 30, itawabidi wavute futi 120 za kamba. Hii ndiyo sababu kutweka tanga huchukua muda mrefu, na ndiyo sababu mabaharia huimba wavutapo, ili mikono yote ivute kwa wakati mmoja.

Henza ina kazi nyingine ambayo wageni hawaijui. Kwa kuwa mlingoti huinamia mbele, na henza hushuka upande wa nyuma, kamba hiyo husaidia kuuvuta mlingoti nyuma usizidi kuinama. Ikikatika wakati wa upepo mkali, hasara si kuanguka kwa tanga peke yake; mlingoti nao huweza kuvunjika. Kwa sababu hii nahodha mwangalifu huichunguza henza kabla ya kila safari, hasa pale inaposuguana na kapi la juu.

JOSHI NA DEMANI

Majina mawili yatajwayo zaidi chomboni ni joshi na demani. Pembe ya mbele ya tanga, iliyo chini karibu na omo, ndiyo ya joshi, nayo hukazwa mbele, mara nyingi kwenye dasturi. Pembe ya nyuma ya tanga ina kamba iitwayo demani, ambayo hukazwa karibu na tezi.

Majina haya yamekuwa pia majina ya pande za chombo. Upande unaotoka upepo huitwa upande wa joshi, na upande unaokwenda upepo huitwa upande wa demani. Kwa hiyo baharia hasemi "kulia" na "kushoto" kama afanyavyo mtu wa nchi kavu. Kulia kwa mtu anayetazama omo ni kushoto kwa anayetazama tezi, lakini upepo hutoka upande mmoja kwa watu wote, na hata gizani kila mtu huusikia usoni mwake. Neno demani lina maana nyingine tena: ni majira ya upepo mwanana yanayofuata kusi kali.

Demani ndiyo kamba ya uhai. Ikikazwa, tanga hushika upepo na chombo huenda mbio na kulala upande mmoja. Ikilegezwa, upepo hupita, tanga hupoteza nguvu, na chombo hunyanyuka. Dharuba ikija ghafula, amri ya kwanza ni kulegeza demani. Kwa hiyo kamba hii haifungwi fundo gumu lisilofunguka upesi, na baharia aliyepewa kazi ya kuilinda haondoki mahali pake. Kamba nyingine, ziitwazo hamarawi, hutumika kuongozea foromali ili isiyumbe na kuligeuza tanga bila kutakiwa.

KUPINDUA CHOMBO

Hakuna chombo cha tanga kiwezacho kwenda moja kwa moja kuukabili upepo. Ikiwa bandari iko upande unaotoka upepo, nahodha hubisha, yaani huenda mshazari kuume, kisha mshazari kushoto, mpaka afike. Kila abadilipo upande hana budi kupindua chombo. Neno hili lisichanganywe na kupinduka. Kupindua ni kazi ya ufundi. Kupinduka ni msiba. Lakini ni kweli pia kwamba anayepindua vibaya huweza kupinduka.

Kuna njia mbili. Kupindua kwa joshini ni kugeuza omo kupitia upande wa upepo. Mashua ndogo huweza kufanya hivyo, lakini kwa jahazi kubwa ni hatari, kwa sababu upepo ukilipiga tanga kutoka mbele hulisukuma na kuligandamiza katika mlingoti. Tanga likigandamizwa hivyo halishuki hata jarari ikilegezwa, na chombo huanza kurudi nyuma au kulala. Kwa hiyo jahazi kubwa hupinduliwa kwa demanini, yaani omo hugeuzwa upande unaokwenda upepo, mpaka upepo utoke nyuma ya tezi.

Kazi huenda kwa utaratibu huu. Kwanza mshika usukani hukigeuza chombo kiupe upepo mgongo. Pili demani huachwa, na tanga hupeperuka mbele kama bendera. Tatu mguu wa foromali huvutwa nyuma mpaka foromali isimame karibu wima sambamba na mlingoti. Nne foromali na tanga hupitishwa mbele ya mlingoti mpaka upande wa pili. Tano kamba zinazoushikiza mlingoti hukazwa upande mpya wa joshi, joshi hufungwa tena mbele, na demani huvutwa mahali pake. Ndipo tanga hujaa, na chombo hushika njia mpya.

Kazi hiyo hutaka watu wengi na maneno machache. Kila baharia ana mahali pake na kamba yake. Mmoja akichelewa, tanga hujaa kabla ya foromali kukaa, au kamba za mlingoti huwa hazijakazwa upande unaotakiwa, na mlingoti hubeba uzito wote peke yake. Mtu akiyaona haya mara moja huelewa kwa nini wazee wa pwani hawamwiti mtu baharia mpaka azijue kamba zote kwa majina.

USUKANI, NANGA NA BILDI

Usukani huning'inizwa katika fashini ya tezi, nao huzungushwa kwa mkono uitwao kana. Vyombo vikubwa, kama bumu, huwa na gurudumu lililounganishwa na usukani kwa kamba au minyororo.

Nanga ya asili ya vyombo hivi ina mikono minne au zaidi, na hushika vizuri katika miamba. Nanga ya namna ya Kizungu, yenye mikono miwili, huitwa baura. Kamba ya nanga huitwa amari. Amari ya makumbi ya nazi ina faida ya kutanuka kidogo, kwa hiyo haikatiki upesi chombo kivutwapo na mawimbi.

Kwamba amari na usukani ni roho ya chombo, historia ya Mombasa yashuhudia. Mwaka 1697, Waarabu wa Omani walipoizingira Ngome ya Yesu, merikebu ya vita ya Wareno iitwayo Santo António de Tanna ilikuja kuwasaidia waliozingirwa. Amari zake zilikatika, ikachukuliwa na maji, ikapoteza usukani wake, na mwisho ikazama mbele ya ngome. Kuanzia mwaka 1977 wapiga mbizi na wataalamu wa mambo ya kale waliichunguza huko chini, na vitu vingi vilivyotolewa vimewekwa katika makumbusho ya ngome hiyo. Merikebu ile ilikuwa na mizinga na askari, lakini bila amari na usukani havikuweza kuiokoa.

Zana nyingine ni bildi, yaani kipande cha risasi kilichofungwa katika kamba yenye alama za pima. Pima moja ni sawa na futi 6. Bildi hutupwa majini kupima kina, na chini yake hupakwa shahamu ili ilete mchanga au matope ya chini. Nahodha akiyaona hayo hujua yuko karibu na pwani gani, hata kama ukungu umeifunika nchi. Dira humwonyesha njia, lakini karibu na miamba bildi humwambia yale ambayo dira haiyajui.

PEPO ZA MUSIMU

Zana zote hizi hazifai kitu kwa nahodha asiyejua majira. Katika bahari hii pepo mbili kubwa hupokezana kwa mwaka. Kaskazi huvuma kutoka upande wa Arabuni na Bara Hindi, hasa tangu Desemba mpaka Machi. Kusi huvuma kutoka kusini, tangu Aprili mpaka karibu Septemba, nayo huwa kali sana mwezi wa Juni na Julai.

Mfano wa Vasco da Gama waonyesha nguvu ya pepo hizo. Mwezi wa Aprili 1498 aliondoka Malindi pamoja na rubani aliyepewa huko, na kwa kuwa kusi ilikuwa imeanza, alifika pwani ya Bara Hindi kabla ya mwezi kutimia. Aliporudi hakungoja majira. Aliondoka Oktoba, kabla kaskazi haijakaa sawasawa, na safari ile ile ikamchukua karibu miezi 3. Mabaharia wake wengi walikufa njiani kwa ugonjwa. Merikebu zilikuwa zile zile. Kilichobadilika ni upepo.

Manahodha wa Arabuni walilijua jambo hili tangu kale. Mwaka 1938 Alan Villiers, baharia na mwandishi kutoka Australia, alipanda bumu la Kuwait huko Aden, nahodha wake akiwa Ali bin Nasir al-Nejdi. Walishuka kwa kaskazi mpaka Lamu, Mombasa na Unguja, wakaenda Rufiji kupakia boriti, kisha wakarudi kwa kusi, wakafika Kuwait mwezi wa Juni 1939.

WATU WA CHOMBONI NA LUGHA YAO

Mkuu wa chombo ni nahodha. Chini yake yuko serehangi, ambaye huwasimamia mabaharia na kuangalia kamba na matanga. Rubani ni yule ajuaye njia na miamba. Kijana aliyeingia chomboni alianza kwa kupika na kukumba maji, na majina ya kamba aliyajua kwa kuzishika, si kwa kuandikiwa.

Majina yenyewe yaonyesha ni watu gani waliosafiri pamoja katika bahari hii. Nahodha na serehangi ni maneno yenye asili ya Kiajemi. Dira, bildi na kalafati yametoka katika Kiarabu. Bandera, kama wazee wanavyoita bendera, limetoka kwa Wareno. Tanga, kafi na mtumbwi ni maneno ya Kibantu, yaliyokuwapo kabla ya wageni hao. Wote hao walikutana katika chombo kimoja, na Kiswahili kikawapatia amri moja ambayo kila mtu aliweza kuifuata.

Siku hizi vyombo vingi vya pwani vina mashine, na si kila kijana afanyaye kazi baharini huijua abedari. Hata hivyo tanga halijatoweka. Mbio za mashua hufanyika Lamu na huvuta watu wengi. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu walimaliza kuunda chombo kiitwacho Flipflopi kwa plastiki iliyookotwa na kuyeyushwa, nacho mwaka 2019 kikasafiri mpaka Unguja. Plastiki ilichukua nafasi ya mbao, lakini mkuku ulibaki mkuku na mataruma yalibaki mataruma.

Tena mashine huzimika, na hapo chombo chenye tanga zima na watu wanaojua kulitweka hufika bandarini, na kile kisicho nalo huchukuliwa na mkondo. Kwa hiyo yafaa wenye vyombo wachunguze henza, demani na amari kabla ya kung'oa nanga, na kamba iliyochakaa ibadilishwe ingali nchi kavu.

Abiria nao wana wajibu wao. Asikae mtu juu ya kamba, wala asiweke mzigo juu yake, hata ikionekana haina kazi. Wakiambiwa wahamie upande wa joshi, wahame mara moja bila kuuliza, kwa kuwa uzito wao huzuia chombo kisilale mno. Chombo kipinduliwapo, wainamishe vichwa na kuwapisha mabaharia. Na wakisikia nahodha akipaza sauti, "Legeza demani!", wajue kwamba hana hasira na mtu ye yote, anaokoa roho zao.